Somo la Kununua Nyumba: Kilichomo Ardhini na Kilichomo Shingoni

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi ikawa makao ya waja wake, na akazifanya nyumba kuwa mahali pa utulivu wao. Sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: mtu wa Masasi au wa Newala aghalabu hununua nyumba mara moja tu katika umri wake. Huinunua kwa korosho za misimu mingi, au kwa akiba ya mshahara iliyokusanywa kidogo kidogo, na nyuma yake wamo mke na watoto wanaongoja kuingia. Basi kosa la siku moja katika jambo hili laweza kula kazi ya miaka ishirini. Na makosa yanayowapata wanunuzi, mengi yao hutoka katika milango miwili: mtu hakuuliza nini kilichomo chini ya ardhi aliyoinunua, na hakuuliza nini alichojitia shingoni alipochukua fedha za kuinunulia. Somo hili ni la milango hiyo miwili, kwa kadiri ya dhehebu la Imamu Shafii na kwa kadiri ya sheria za nchi ya Tanzania.

Na ili maneno yafahamike, upigwe mfano kama walivyozoea wanavyuoni. Zeid ana nyumba ya matofali ya kuchoma pembezoni mwa mji wa Masasi, upande wa Mkomaindo, na uani mwake imo mikorosho minne. Amri ni mwalimu, naye anaitaka. Wamepatana shilingi 60,000,000. Amri ana shilingi 10,000,000 mkononi, na zile 50,000,000 anataraji kuzipata benki. Dalali wao ni Bakari. Zeid anajua, na Bakari anajua, kwamba mwaka uliopita walikuja watu wakapima, wakatia vigingi na rangi katika mawe, kwa kuwa kiwanja hicho na vilivyo jirani yake vimeingia ndani ya leseni ya madini. Amri hakuuliza, na wao hawakusema.

FASILI YA KWANZA: Uso wa ardhi na tumbo la ardhi

Jambo la kwanza ni kujua hasa ni kitu gani kinachouzwa. Katika Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ameshikishwa kwa udhamini. Ndivyo zinavyosema Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote mbili za mwaka 1999. Alicho nacho raia ni haki ya kukaa na kutumia. Mjini haki hiyo huandikwa katika hati kwa muda usiozidi miaka 99, na kijijini huwa ni hakimiliki ya kimila. Ama madini, Sheria ya Madini ya mwaka 2010 imeyatenga mbali: yawe juu ya ardhi au chini yake, hayo ni mali ya Jamhuri. Kwa hiyo mwenye hati ya kiwanja hana hati ya kilichomo tumboni mwa kiwanja, na mwenye leseni ya madini hana hati ya nyumba iliyo juu yake. Ni haki mbili za watu wawili mahali pamoja, na hapo ndipo ugomvi uzaliwapo.

Jambo hili si geni katika vitabu vya fiqhi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameyagawa madini katika Minhaj, mlango wa kuhuisha ardhi mfu, kuwa mafungu mawili. Yako madini ya dhahiri, yanayopatikana pasipo kazi ya kuyatoa ndani ya mwamba, kama kiberiti na lami; hayo hayamilikiwi na mtu peke yake, wala mtawala hana ruhusa ya kumkatia mtu. Na yako madini ya ndani, kama dhahabu, fedha, chuma na shaba, ambayo hayatoki ila kwa kazi. Asili ya mgawanyo huu ni khabari ya Abyadh bin Hammal, aliyemwomba Mtume, rehema na amani zimshukie, chumvi ya Ma'rib akapewa. Kisha Mtume akaarifiwa kwamba chumvi ile ni kama maji yasiyokatika, akairejesha kwa watu wote.

Ama mtu aliyehuisha ardhi kisha yakadhihiri ndani yake madini ya ndani, vitabu vya Kishafii vinasema ameyamiliki. Lakini katika dhehebu la Imamu Malik lililo mashuhuri, jambo la madini liko mkononi mwa mtawala, ayaendeshe kwa maslaha ya watu, hata yakiwa katika ardhi ya mtu. Nchi ikiisha kuhukumu kwa njia hiyo, haimpasi muuzaji wala mnunuzi kujenga mkataba wake juu ya ile kauli nyingine. Zeid akisema, “Nakuuzia nyumba na kila kilichomo chini yake,” amenadi asichokimiliki katika nchi anayokaa, na amemtia Amri katika tamaa isiyo na msingi.

Na yeyote asidhani kuwa haya ni mambo ya Geita na Merelani peke yake. Baina ya wilaya za Ruangwa na Masasi umo mradi wa Bunyu wa madini ya kinywe, yale meusi yanayotumiwa katika kalamu za risasi na katika betri. Kampuni ya Volt Resources ya Australia ilipata leseni za kuchimba huko mwaka 2018. Katika wilaya ya Ruangwa mradi wa Nachu, nao wa kinywe, ulipata leseni maalumu mwaka 2015. Na upande wa magharibi, Tunduru ilijaa wachimbaji wa vito katika miaka ya 1990, watu wakahama kutoka pande zote. Ardhi ya kusini si mchanga na mikorosho tu.

Hata hivyo sheria haikumwacha mwenye nyumba uchi. Mwenye leseni haruhusiwi kufanya kazi yake mahali penye nyumba inayokaliwa, wala ndani ya mita 200 kutoka nyumba hiyo, ila kwa idhini ya maandishi ya mwenye kukaa hapo kwa haki. Na kwa shamba lililolimwa au lenye mazao, ni mita 50. Makaburi na mahali pa ibada pamewekewa ulinzi wao. Na mtu akiharibiwa mali yake, au ikalazimu ahame, anastahiki fidia. Lakini ni nani asiyejua kwamba kungoja fidia si sawa na kukaa katika nyumba yako? Mwenye kungoja hajengi chumba kingine, hapandi mti, na akitaka kuuza hapati mnunuzi.

FASILI YA PILI: Ila ya nyumba, na wajibu wa kuibainisha

Wanavyuoni wamesema: kila kinachopunguza thamani ya kitu, au kinachoondoa makusudio ya sawa ya mnunuzi, na kwa kawaida kitu cha namna hiyo hakinacho, basi hicho ni ila, na kwa ajili yake mnunuzi ana khiyari ya kurudisha. Na katika ila za nyumba wametaja mambo ambayo hayamo ukutani wala darini. Wametaja nyumba iliyozoeleka askari kushukia. Wametaja ardhi iliyotwishwa kodi nzito kuliko ardhi za jirani yake. Kuta zake ni nzima na paa lake halivuji, lakini jambo lililoizunguka limeishusha bei. Ukiipima leseni ya madini kwa mizani hiyo, utaona kwamba nyumba iliyomo ndani ya eneo la leseni, na watu kwa sababu hiyo wakawa hawaitaki ila kwa bei ndogo, ina ila isiyo na shaka.

Ikiwa ni ila, basi kuificha ni haramu. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita kwa mwenye kuuza nafaka, akatia mkono wake ndani ya rundo, vidole vyake vikagusa umande. Akamwuliza yule mtu. Akasema ni mvua iliyoipata. Mtume akamkemea kwa kuwa hakuuweka ule ubichi juu watu wakauona, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Basi na litazamwe jambo hili: nafaka ile haikuwa mbovu, ilikuwa imelowa tu, na kosa la yule mtu ni kule kuweka kavu juu na bichi chini. Zeid naye ameweka juu kuta zilizopakwa chokaa, na chini ameweka vigingi.

Wako wauzaji wanaodhani wataokoka kwa kuandika katika mkataba, “Nimeuza kama ilivyo, wala sitaulizwa ila yoyote.” Katika dhehebu la Shafii sharti hilo halimwokoi. Kauli iliyo na nguvu ni kwamba huokoka na ila ya ndani katika mnyama, ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua. Ama katika nyumba na nguo na mfano wake, haokoki. Na aliyeijua kisha akajificha nyuma ya maneno hayo, dhambi yake ni pale pale.

Na dalali je? Bakari husema, “Nyumba si yangu, mimi napokea ujira wangu tu.” Jawabu ni kwamba wajibu wa kubainisha haukomei kwa muuzaji. Mtu wa kando aliyeijua ila, na akaona ndugu yake ataingia ndani yake, naye pia yampasa aseme. Imepokewa kwamba Wathila bin Al-Asqa', sahaba wa Mtume, alimwona mtu amenunua ngamia kwa dirhamu 300. Wathila akamfuata, akamwuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa kupanda. Alipojibiwa kwamba ni wa kupanda, akamweleza kwamba ukwato wake umetoboka na hataweza kuendelea na safari. Yule mtu akarudi, na muuzaji akampunguzia dirhamu mia. Muuzaji akamlaumu Wathila kwa kumharibia biashara; naye akamjibu kwamba hilo ndilo fungamano alilofungamana na Mtume, kumnasihi kila Mwislamu. Basi huyo ni mpita njia asiyekuwa na ujira. Itakuwaje kwa dalali aliyelipwa?

Na iko ghushi nyingine, iliyo kinyume cha hii. Huko Nyamongo, katika wilaya ya Tarime, karibu na mgodi wa dhahabu wa North Mara, wako waliojenga upesi upesi nyumba za kutegea fidia, watu wakaziita za “kutegesha.” Nyumba hizo hazikujengwa zikaliwe. Mwenye kununua nyumba ya namna hiyo kwa tamaa ya fidia amenunua bahati nasibu. Na mwenye kuinunua kwa kutaka kukaa, bila ya kujua, ameghushiwa mara mbili.

FASILI YA TATU: Namna ya kuchungua kabla ya kununua

Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakumzuii mtu kumfunga ngamia wake. Mnunuzi mwenye akili hupita milango mitatu kabla ya kutoa shilingi moja.

Mlango wa kwanza ni kwa Msajili wa Hati. Huko hufanywa upekuzi, nao hujulisha jina la mwenye hati, muda uliobaki, kama hati imekwisha wekwa rehani kwa mkopo mwingine, na kama yuko mtu aliyeweka zuio. Ikiwa ni ardhi ya kijiji, huulizwa halmashauri ya kijiji, kwani pasipo idhini yake mauzo huwa na mashaka.

Mlango wa pili ni Tume ya Madini, iliyoundwa kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017. Tume hiyo ina ramani ya leseni zote, na kila leseni imechorwa kwa nukta zake. Mnunuzi humpeleka mpimaji achukue nukta za pembe za kiwanja, kisha huuliza katika ofisi ya madini kama kiwanja kimo ndani ya leseni, na leseni hiyo ni ya namna gani. Hili la namna ni muhimu. Leseni ya utafutaji ni ya kutafuta tu, na nyingi katika hizo huisha pasichimbwe shimo. Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya raia wa Tanzania, na muda wake ni miaka 7. Leseni ya uchimbaji wa kati, na leseni maalumu ya migodi mikubwa, hizo ndizo zenye kuhamisha vijiji. Basi mnunuzi asitishwe na kila leseni, wala asiipuuze yoyote.

Mlango wa tatu ni wa jirani na wazee wa mtaa. Karatasi hazijui kila kitu. Mzee aliyezaliwa hapo ndiye ajuaye palipochimbwa zamani na kufukiwa kwa takataka, na mahali ambapo ukuta hupasuka kila masika.

Mataifa mengine wamejifunza hili kwa hasara. Katika Uingereza wamechimba makaa ya mawe kwa karne nyingi, na chini ya miji yao mna mashimo yasiyo na idadi. Na katika Cornwall mna mashimo ya bati. Nyumba hutitia, na ua hufunguka kinywa. Kwa hiyo huko mtu hanunui nyumba katika nchi ya makaa bila ya wakili wake kuuliza habari za migodi. Mwaka 1994 iliundwa kwa sheria mamlaka ya makaa ya mawe yenye kumbukumbu hizo, na mwaka 2024 ikabadilishwa jina ikawa Mining Remediation Authority. Na mwenye kukopesha fedha za nyumba huko kwa kawaida hutaka kuliona jawabu kabla ya kutoa fedha zake. Ikiwa mkopeshaji anachungulia shimo kwa ajili ya mali yake, mwenye kulaza watoto wake juu ya shimo hilo ana haki kubwa zaidi ya kuchungulia.

FASILI YA NNE: Arbuni, rahani, na idhini ya benki

Amri alipopatana na Zeid alimpa zile shilingi 10,000,000 zikiwa arbuni, kwa sharti kwamba benki ikikataa kumkopesha, fedha hizo zitakuwa za Zeid. Katika dhehebu la Shafii mauzo ya arbuni ya namna hii hayasihi, kwa kuwa muuzaji anakula mali ya mwenziwe pasipo badala. Dhehebu la Imamu Ahmad limeijuzisha. Lakini kwa mtu wa dhehebu la Shafii, njia ya salama ni kungoja: ichunguliwe nyumba, lijulikane jambo la fedha, ndipo mkataba ufungwe na malipo ya kwanza yatolewe yakiwa sehemu ya thamani. Na lau mapatano yakivunjika, fedha zirudi kwa mwenyewe.

Kisha Amri akaenda benki. Benki ikamtuma mthamini wake, ikatazama mshahara wake, ikampa idhini. Amri akafurahi, akasema, “Kama nyumba ingalikuwa na tatizo, benki isingalikubali.” Hili ni kosa linalowapoteza wengi. Idhini ya benki ni ushahidi kwamba benki inaona fedha zake zitarudi; wala si ushahidi kwamba nyumba ni salama kwa Amri. Benki ina mshahara wake wa kila mwezi, na ina hati yake mkononi. Nyumba ikipungua thamani, deni halipungui.

Ama rahani yenyewe ni halali kwa Qurani na Sunna. Imetajwa katika Suratul Baqara baada ya aya ndefu ya kuandika madeni. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, aliweka rahani deraya yake kwa Myahudi wa Madina kwa shayiri ya watu wa nyumbani kwake. Lakini ina hukumu zake, na hapa patajwe tatu zinazowahusu watu wa uwanda wa Makonde.

Ya kwanza: mtu akiuza ardhi bila ya kutaja zaidi, nyumba na miti iliyomo huingia katika mauzo, lakini akiiweka ardhi rahani, havingii. Hiyo ndiyo kauli ya dhehebu. Kwa hiyo ile mikorosho minne ya Zeid itajwe kwa jina katika kila karatasi, ili pasiwe na ugomvi msimu ukifika.

Ya pili: kitu kilichowekwa rahani ni amana mkononi mwa mkopeshaji, na manufaa yake ni ya mwenyewe. Iko desturi, katika nchi ya korosho na katika nchi ya minazi, mtu kuweka miti yake rahani, na mkopeshaji akavuna miaka mitatu au minne, kisha akadai fedha zake kamili. Yakishurutizwa hayo katika mkopo, basi mavuno yale ni riba, ingawa hayakuitwa kwa jina hilo. Na ndugu yake ni “bei ya khiyari,” iliyoenea Unguja na Pemba katika siku za mashamba ya karafuu: mwenye shamba huliuza kwa maandishi, akabaki ndani yake kama mpangaji, akilipa kodi mpaka atakaporudisha fedha. Kodi ile ndiyo riba yenyewe imevaa kanzu. Mashamba mengi yaliingia katika madeni kwa njia hiyo na mfano wake, hata serikali ya wakati ule ikatunga sheria mwaka 1934 ya kuzuia ardhi za Waarabu na Waafrika zisihamishwe ovyo. Wanavyuoni wa Hadhramaut waliizungumza sana bei hii, wakaieleza kwa jina la bei ya uhda. Na walioijuzisha walitaka sharti la kurudisha lisiwemo ndani ya mkataba wenyewe.

Ya tatu: nyumba ya mume na mke haiwekwi rahani kwa siri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi zinataka idhini ya mwenzi. Na hata pasingekuwa na sheria, ni tabia gani ya Kiislamu kumfanya mwanamke aamshwe na mnadi mlangoni, akiuza paa alilodhani ni lake?

FASILI YA TANO: Deni lenyewe

Imebaki habari ya zile shilingi 50,000,000. Tufanye benki imempa Amri kwa faida ya asilimia 16 kwa mwaka, alipe kila mwezi kwa miaka 15. Hesabu yake ni kama shilingi 734,000 kila mwezi, na jumla ya malipo hupita shilingi 132,000,000. Amri amekopa nyumba moja, analipa zaidi ya mbili. Na tofauti hiyo si thamani ya tofali wala bati. Ni ujira wa fedha kwa kuwa fedha. Hiyo ndiyo riba ambayo Mwenyezi Mungu ameitenga na biashara, akaihalalisha biashara na kuiharimisha hiyo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Jedda cha mwaka 1990, lilitazama hasa jambo la mikopo ya nyumba, likakata kwamba mkopo wa faida ni haramu, uwe mdogo au mkubwa.

Wako wanaotaja fatwa ya Baraza la Ulaya la Fatwa ya mwaka 1999, iliyowaruhusu Waislamu wa huko kununua nyumba kwa mkopo wa benki. Na ifahamike kwamba fatwa ile imejengwa juu ya dharura na haja ya watu wasiokuwa na njia nyingine, nayo imefungwa kwa masharti. Tena wanavyuoni wengi hawakuikubali. Haimfai mtu wa Masasi mwenye njia ya halali mbele yake kuazima udhuru wa mwenziwe aliye mbali.

Na njia za halali zipo. Katika Tanzania Amana Bank ilianza kazi mwaka 2011 kwa kanuni za sharia, na baadhi ya benki nyingine zimefungua madirisha ya namna hiyo. Njia zao mashuhuri ni tatu. Murabaha: benki huinunua nyumba kwanza, kisha humwuzia mteja kwa bei iliyotajwa na faida iliyojulikana, alipe kwa mafungu. Ijara: benki huimiliki nyumba na kumpangisha, kisha humhamishia mwisho wa muda. Ushirika unaopungua: mteja na benki huinunua kwa shirika, na mteja hununua sehemu ya benki kidogo kidogo.

Lakini jina peke yake halihalalishi. Hakim bin Hizam alikatazwa na Mtume kuuza asichokuwa nacho. Basi katika murabaha mteja aulize: je, benki imeinunua nyumba kweli, na imeingia katika dhima yake, hata kwa saa moja? Au Zeid amepewa fedha, Amri akatia sahihi, na benki haijui hata mlango wa nyumba unatazama wapi? Kama ni hivyo la pili, hapana murabaha. Pana mkopo wa faida uliobadilishwa jina.

Na ziko masala mbili ambazo mwanafunzi wa dhehebu la Shafii huuliza. Ya kwanza: je, yajuzu kushurutiza katika mauzo kwamba nyumba inayouzwa yenyewe iwe rahani ya thamani yake? Katika vitabu vya dhehebu, sharti hilo huyabatilisha mauzo. Lakini nyumba ikiisha kuuzwa na kupokelewa, kisha mnunuzi akaiweka rahani pasipo sharti la awali, husihi. Baraza la Fiqhi katika kikao kile kile cha mwaka 1990 limejuzisha sharti hilo katika mauzo ya mafungu. Mwenye kuifuata kauli hiyo ajue anafuata nini, na asiichanganye na nyingine mpaka ikawa haina mwenyewe.

Ya pili: mteja akichelewa kulipa, je, aongezewe deni? La. Bei ikiisha kufungwa haizidi. Kuzidisha deni kwa kuchelewa ndiyo riba ya zama za ujinga. Mwenye dhiki hungojewa. Na mwenye uwezo akajikalisha, hushitakiwa.

KHATIMA

Sasa irejewe hukumu ya Amri na Zeid. Amri akigundua habari ya leseni baada ya kununua, ana khiyari ya kurudisha. Lakini khiyari hiyo ni ya papo hapo. Akijua, akanyamaza, akaendelea kukaa na kupangisha vyumba pasipo udhuru, haki yake ya kurudisha imekwisha. Zeid yampasa arudishe fedha zote. Bakari yampasa atubie, na ushuru wa udalali ule hauna baraka kwake. Lakini lau Zeid angalisema tangu mwanzo, “Ndugu yangu, nyumba hii imo ndani ya leseni ya utafutaji, nenda kaulize,” na Amri akauliza, akajua, akaridhia kwa bei iliyopungua, mauzo yao yangalikuwa halali, na kila mmoja angalilala usingizi wake.

Basi mwenye kutaka kununua ayashike haya kwa mpango wake: aulize kwa Msajili, aulize kwa Tume ya Madini, aulize kwa jirani, kisha atafute fedha kwa njia isiyo na riba, kisha aandike mkataba na kuushuhudiza, mke akiwa anajua, ndipo atoe fedha. Na mwenye kuuza akumbuke kwamba ardhi anayoificha siri yake leo, kesho ataingia ndani yake, na huko hapana hati wala leseni.

Mwenyezi Mungu atupe makao ya halali duniani, na makao ya kudumu Peponi. Wallahu a'lam.